Mume Wangu Ameifanya Bunduki ya Baba Vipuri

Mpendwa Bi Shamsa, naomba unisaidie kabla sijafanya la kufanya, maana hasira niliyo nayo hainipi kula wala kulala. Mimi ni mke wa mtu hapa Bahla, Omani, na mume wangu Hamdun ana maradhi ya kukusanya bunduki za kale, zile Martini za askari wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa, kila Ijumaa yuko soko la Nizwa anazipapasa kama mbuzi wa kununua, majilisi yetu ya kupokelea wageni ukuta mzima ni mitutu, nami nimenyamaza miaka yote kwa kuwa mwanamume akipenda chuma ni afadhali kuliko akipenda mengine.

Sasa sikiliza. Marehemu baba yangu aliniachia mimi bunduki yake, si kaka yangu Suleyyim, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiipaka mafuta, na Suleyyim hakununa, alisema tu siku mwanawe Azzan akioa, bunduki ya babu itangulie kama ilivyo desturi yetu, bwana harusi aipige baruti tupu hewani kabla wanaume hawajaanza ngoma. Harusi ni Alhamisi hii. Juzi nimeishusha ukutani nakuta imebaki mtutu na kile kitako chake kilichopasuka, tumboni hamna kitu, namwuliza Hamdun, ananijibu huku anakula tende, "Tulia, mke wangu, haijapotea. Yako ilikuwa na mti mbovu, yangu ilikosa mtambo. Mbili mbovu zimetoa moja nzima, nenda kaitazame ilivyopendeza." Nikamwambia, "Kwa hiyo baba yangu ni gari bovu, unamchomolea vipuri?" Akacheka. Bi Shamsa, alicheka. Akasema mtambo ulikataa kuingia, akaupiga tupa kidogo mpaka ukakubali, na isitoshe hiyo ni ya kutazamwa, haipigwi, kwa hiyo nisimsumbue na harusi za kwetu.

Jana kaka kapiga simu, "Dada, umeshaipaka mafuta? Azzan ameshatafuta baruti," nami nikamjibu iko tayari. Nimeazimia. Alhamisi Hamdun akienda sala ya alasiri nitaichukua hiyo bunduki yake ya kuungaunga, nimpe Azzan aipige mbele ya wanaume wote, kisha nisimame niseme kwa sauti kwamba mtambo huu ni wa baba yangu na mkwe wake ameuiba, aone haya asipite tena sokoni. Je, nimwumbue kisha nirudi kwetu, au nirudi kwetu kwanza?

Mwenye uchungu, Bahla

Mwenye uchungu, barua yako nimeiweka mbele ya zote, utaona kwa nini.

Hamdun amekukosea, tena kosa la mtu mzima. Kitu ni chako, ni amana ya marehemu, hakukuuliza, na ulipomlalamikia yeye akacheka. Halafu anajiita mkusanyaji. Mkusanyaji gani anachukua bunduki iliyokaa na viungo vyake zaidi ya miaka mia, anaitoa matumbo ili nyingine ipendeze ukutani? Wenzake wa Nizwa wakijua, yeye ndiye atakayechekwa. Hasira yako ni halali yako.

Sasa wewe. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mtambo umepigwa tupa, na kwamba aliyeupiga kasema bunduki haipigwi, kisha ukapita kana kwamba hujasema neno. Nimekulia nyumba yenye bunduki hizi. Kile kipande cha nyuma cha mtambo ndicho kinachouzuia moto usirudi kwa mpigaji. Kikilegea kidogo tu, baruti hurudi, iwe na risasi au haina. Ami yangu alikula Idi na macho mawili, akapiga baruti ya sikukuu kwa bunduki kama hiyo, akazikwa na jicho moja. Na wewe, shangazi mzima, unataka kumwekea mtoto wa kaka yako kitu hicho shavuni siku ya harusi yake ili mumeo aone haya? Hamdun kaharibu chuma. Wewe unakwenda kuharibu uso wa mtu.

Ukimaliza kusoma hapa, mpigie Suleyyim. Mwambie ulimdanganya, bunduki haiko tayari wala haitakuwa. Atakufokea, mwache afoke. Kisha uondoe ule mtambo kwenye bunduki ya Hamdun, uufungie kwenye sanduku lako la nguo, na ufunguo ukae kwako. Ni mali yako, huhitaji ruhusa ya mtu.

Na Hamdun usimwumbue kwa kelele. Mwambie hivi: bunduki ya baba itatangulia Alhamisi kama ilivyo, tumbo tupu, na yeye ndiye atakayeibeba, mbele ya Azzan, mbele ya wazee wa kwenu. Kila atakayeuliza mbona safari hii haikulia, Hamdun amjibu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kuanzia mlangoni mpaka kwenye halua. Akikataa kuibeba, akae nyumbani, watu watamwulizia, nawe useme ukweli bila kupaza sauti.

Kurudi kwenu au kubaki utaamua Ijumaa, Azzan akishamwona mkewe kwa macho yote mawili.