Gadenia za Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Tumba la nne la gadenia yangu limeanguka. Limegeuka manjano, likadondoka nikilitazama. Hata pumzi yangu haikuligusa! Yamebaki mawili.

Ng'ambo ya ukuta, kwenye roshani ya wifi, maua kumi na moja yamefunguka. Meupe, manene, kama yamepigwa pasi. Na vipandikizi tulipewa na mwalimu mstaafu anayekaa ghorofa ya juu, siku moja, vya mti mmoja. Masanduku yaleyale ya mbao. Jua lilelile. Sasa hiyo ni nini!

Mwalimu anasema gadenia ina deko kama kitinda mimba. Maji ya bomba haitaki, kugeuzwa haitaki, upepo haitaki. Haya, nimekinga mvua ndoo nzima. Nimeipa majani ya chai. Nimeibembeleza kuliko nilivyombembeleza marehemu mume wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Leo kiwandani ni vifungo tu, sare za shule, mashati mia na ushee. Nimerudi mgongo si wangu. Mama mkwe hayumo kitandani! Moyo ukanilipuka. Kumbe wifi, binti yake, kamchukua, kamkalisha roshani kwake, shuka magotini. Macho ya mama siku hizi yanaona vivuli tu, lakini pua! Alikuwa anavuta ile harufu kama mtu mwenye kiu.

Akaniita, mkwe wangu, njoo unuse.

Nikanusa. Nikasema nzuri. Na ni nzuri kweli, ndicho kinachoniuma.

Miaka sita namwogesha. Tangu mwanawe afariki tumebaki wawili, chumba na sebule. Najua chai yake iwe ya moto kiasi gani. Najua goti lipi linamsumbua. Wifi kahamia hapa jirani mwaka jana tu — na kicheko chake!

Jumapili, 9 Machi
Nimesikia kwa masikio yangu, nikianua nguo. Mama anamwambia wifi angependa kuhamia kwake. Mkwe wangu amechoka, anasema, na huku kuna maua. Wifi akamjibu asubiri yeye arudi semina, Jumamosi atamhamisha, ili nami nipumzike.

Nipumzike! Nani kasema nimechoka?

Mama hajaniambia kitu. Sijamuuliza.

Jumatatu, 10 Machi
Wifi ameondoka asubuhi. Kaniachia ufunguo.

"Maji ya mvua yapo jikoni. Kila sanduku kikombe kimoja, jioni. Nisingemwachia mtu mwingine, wifi yangu."

Akanikumbatia. Hata yeye ananukia!

Jumanne, 11 Machi
Nimemwagilia. Kikombe kimoja kimoja, kama alivyosema. Ana matumba mapya kumi na saba. Nimehesabu mara mbili. Kwangu limebaki moja.

Jumatano, 12 Machi
Limeanguka.

Nilikuwa nafua. Beseni liko miguuni, povu limejaa, na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe nilikuwa nimeitia nyingi. Sikupanga. Au nilipanga — mbona nilichukua ufunguo kwanza, beseni baadaye? Nimeyamwagia masanduku yake yote matatu. Udongo ulikunywa tu, haukujua.

Mama akauliza kutoka sebuleni, unatoka kumwagilia, mwanangu?

Nikasema ndiyo, mama.

Akasema asante, una moyo wewe.

Ijumaa, 14 Machi
Majani yamekuwa kahawia pembeni, yamejikunja. Nimeyamwagia ndoo nzima ya mvua, yangu na yake. Wapi! Matumba yametapakaa sakafuni. Nimeyaokota moja moja, nikayafunga kwenye gazeti, nikaenda kuyatupa pipa la mtaa wa pili. Nimevaa miwani ya jua, eti nisijulikane. Mtu mzima mimi!

Jumamosi, 15 Machi
Wifi amerudi saa nne. Nilijiandaa kwa kelele, hakupiga. Alikaa sakafuni na sketi yake ya safari, akafikicha udongo, akanusa vidole.

"Sabuni."

Halafu akatazama juu. Kamba ya mwalimu ya kuanikia nguo. Mashati yake mawili, yamelowa, yanadondosha tone, tone.

Ningesema "mimi". Neno moja. Nikasema, "Pole, wifi."

Mama alilia. Kisha akasema basi abaki kwangu kwanza, mpaka maua yaote tena. Na mimi — nisiposema humu nitasema wapi — nilifurahi. Nilimkorogea uji mzito anavyoupenda. Akamaliza bakuli. Nikafurahi zaidi.

Jumapili, 16 Machi
Vurugu kwenye ngazi. Wifi anamfokea mwalimu, mzee wa watu, mbele ya majirani. Eti alitoa zawadi kisha akaona kijicho. Kijicho! Mwalimu hajibu kwa ukali. Anasema nguo hukamua, na chini ya kamba huweka ndoo. Anasema, muulizeni mkwe wenu, ndiye aliyekuwa na ufunguo wiki nzima. Kama aliona hata tone moja la kwangu likiangukia pale, aseme, nami nitahama jengo hili.

"Ndiyo, aseme!" — wifi huyo. "Wifi! Njoo!"

Nimekaa mezani na daftari hili. Mama amesikia yote. Ameinuka mwenyewe, anapapasa ukuta, amefika mlangoni. Anasema twende, mwanangu, wewe sema ulichokiona tu, huyu mzee hana mtu. Amenyoosha mkono nimshike.

Nimemwambia angoje kidogo, natafuta viatu.

Viatu ninavyo miguuni.

Wifi anagonga —