Nimeipa Sifuri Ndoa ya Bibi na Babu

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, chumbani mwangu mwenyewe, naomba uninusuru kabla sijavunja ndoa ya miaka hamsini na sita. Mimi ni mwalimu wa historia, naishi kwa bibi na babu yangu, na wiki mbili zilizopita nikipanga kabati nikaikuta barua ya posa aliyoandikiwa baba yake Bibi, na chini yake majibu, "Tumekubali, mchukueni," basi, hakuna mahali Bibi alipoulizwa lolote, damu ikanichemka, na mkono huu umezoea kusahihisha, nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Bi harusi ameulizwa? Hapana. Sifuri. Rudia," nikaisahau mezani. Bibi akavaa miwani akaisoma, akamwambia Babu, "Kumbe hukuniuliza! Mwalimu anasema turudie." Akabeba mto wake akahamia kitandani kwangu. Tangu siku hiyo Babu anakuja kila asubuhi na koti lake la harusi lisilofungika vifungo, anasimama mlangoni, "Mke wangu, utakubali nikuoe?" na Bibi anamjibu, "Nafikiria, usinikimbize," anavuta shuka. Nikamwandikia Babu maneno ya kisasa, akamsomea yote mpaka yale ya mabanoni, "hapa tabasamu kidogo". Mshauri, mimi nilitaka haki tu, lakini jana Babu ameniuliza kwa sauti ndogo, "Na akisema hapana?" nikalia. Nifanyeje?

Mjukuu Asiye na Kitanda

Mjukuu, pole kwa mgongo. Kwa hayo mengine sikupi pole.

Hasira yako ilikuwa ya haki. "Mchukueni" ni neno la kumwambia mtu aliyefuata gunia, na Bibi ana ruhusa ya kuumia leo hata kama kila mtu wakati ule aliandika hivyohivyo. Asitokee mtu hapo nyumbani wa kumwambia eti ndivyo mambo yalivyokuwa. Lakini wewe, mwalimu mzima, umesoma karatasi ya siku moja ukatoa matokeo ya miaka hamsini na sita, na mwenye ndoa hukumuuliza kitu! Baba yake alimsemea akiwa msichana, nawe umemsemea akiwa bibi kizee. Mlichotofautiana ni rangi ya wino.

Sasa sikiliza. Muombe Bibi radhi kwa kumsemea, kisha funga mdomo. Acha kumwandikia Babu maneno. Aende na yake, hata yakiwa mawili, na akuache wewe na kalamu yako. Hiyo hofu anayoisikia ndiyo aliyopaswa kuisikia ujanani, wazee wakamkinga nayo. Haitamuua. Bibi naye asiharakishwe, akitaka mwezi apewe mwezi, na akisema hapana, ni hapana. Anaulizwa kwa mara ya kwanza maishani, mwache alifaidi swali.

Wewe tafuta godoro. Na asubuhi utakayomwona Bibi anajipaka wanja kabla Babu hajabisha hodi, shika viatu mkononi utoke humo chumbani polepole.