Blauzi Nyeusi ya Naw Hser Nay

Jumatatu, 3 Aprili

Joto! Wanachoma mashamba bonde zima, moshi umeingia hadi kwenye sufuria ya wali. Nimejitolea kufundisha kiangazi chote huku kijijini kwa mama, kwa Wakareni wenzetu wa Burma, na tayari naona natwanga maji kwenye kinu. Wadogo wanasinzia. Wakubwa wako shambani. Mwalimu mkuu, Saw Kler, anatafuna tambuu na kunicheka: likizo ni likizo, hata nguruwe wamelala.

Mmoja tu ananipa moyo — Naw Hser Nay, miaka kumi na sita. Hesabu anazitafuna kama karanga. Mwisho wa mwezi kuna mtihani wa kuingia sekondari ya mjini, ng'ambo ya mto, Thailand. Hakuna msichana wa hapa aliyewahi kuingia. Huyu lazima aingie. Basi.

Jumatano, 5 Aprili

Nimemfuma Hser Nay anadarizi chini ya dawati. Blauzi nyeusi, ile ya wanawake walioolewa, anaishonea mbegu nyeupe kifuani. Ya nani? Akainama.

"Macho ya bibi yamechoka, Mwalimu."

Mtoto mwema! Nimempa ruhusa adarizi kila mchana baada ya hesabu. Nimemwambia amalize upesi, ili mtihani umkute hana kazi nyingine.

Jioni kijitoni bibi yake kanitania: "Mwalimu, umekula wali? Na hilo gauni jeupe la usichana utalivua lini? Au unangoja lioze mwilini?" Nikamjibu nimeolewa na chaki. Wanawake wote hoi kwa kicheko.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimepitia kwa kina Hser Nay. Baba yake, Saw Tamla, hana mguu tangu alipokanyaga bomu lililofukiwa ardhini mwaka jana. Kakaa barazani anatazama shamba lake lisilofyekwa. Mtoto ni mmoja tu, huyu huyu binti. Nikaona aibu kuzungumzia vitabu. Nikachukua sindano nimsaidie Hser Nay mistari ya chini, ili apate muda wa kusoma. Mbegu ngumu! Vidole vyangu vya mjini vimetoboka.

Alhamisi, 13 Aprili

Blauzi imekwisha. Bibi kanishika mikono yote miwili, kashukuru mpaka nikaona haya. Chini ya nyumba kafungwa nguruwe mkubwa. Nikadhani wanamuuza.

Hser Nay kakosa hesabu tatu rahisi leo. Joto hili!

Ijumaa, 14 Aprili

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga!

Saw Kler ndiye aliyeniambia, tena akicheka, akidhani najua. Blauzi ile bibi harusi huishona mwenyewe. Isipokwisha, hakuna harusi. "Wewe Mkareni gani? Mjini mnanunua kila kitu sokoni, hata mila! Sisi tulijua ataishona mpaka mvua, mtihani umepita. Kumbe wewe ukamwongezea mikono."

Nilikimbia hadi kwa kina Hser Nay. Nikabembeleza. Wiki mbili tu, baba, afanye mtihani kwanza! Saw Tamla hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Shamba lifyekwe na kuchomwa sasa hivi au tulale njaa mwaka mzima.

"Mkwe ana miguu miwili, Mwalimu. Mtihani una mingapi?"

Nikaaga.

Hser Nay alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Mbona hukuniambia? "Ungelia, Mwalimu." Na huyo bwana harusi, Poe Kwa, unampenda? "Si mtu mbaya." Basi, hayo tu.

Jumanne, 18 Aprili

Harusi. Nyama ya nguruwe, pombe ya mpunga, nyimbo. Nimekula bila kuonja. Mistari ya chini ya blauzi yake imekwenda kombo. Niliishona mimi.

Nikamuuliza Saw Kler kama Hser Nay anaweza kurudi darasani. Akatikisa kichwa. Mke wa mtu si mwanafunzi. Haijawahi kutokea hapa. Ila darasa la kiangazi ni langu, akasema, nitajua mwenyewe.

Alhamisi, 20 Aprili

Amekuja! Naandika hapa hapa mezani.

Nilikuwa nimegeukia ubao. Nikasikia mabenchi yanakwaruza. Nageuka — darasa zima limesimama, mikono imekunjwa kifuani, kama anapoingia mama wa mtu.

"Shikamoo, shangazi!"

Wiki iliyopita walikuwa wanamvuta nywele.

Hser Nay akageuka nyuma haraka, atazame ni nani aliyeingia. Mlango mtupu. Akajitazama kifua, ile blauzi nyeusi. Ndipo akaelewa.

Hajakaa. Amekumbatia daftari pale pale mlangoni. Watoto nao wamesimama, hawawezi kukaa kabla ya mkubwa. Saw Kler yuko dirishani, ameacha kutafuna. Wote wananitazama mimi. Na mimi nimeinama naandika, kwa sababu nikiinua kichwa itabidi niseme akae kama mwanafunzi, au —