Kompyuta Iliyobadilishwa Sura

Kariakoo, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, goti limetulia. Mama je, amekubali kupumzika japo mchana? Na mikorosho mmeshaipulizia dawa? Mimi mwanao ni mzima, ila joto la huku Bongo linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa tu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu ilikuwa imekauka. Sikuweza kusema, steshenari ilikuwa imejaa watu. Sasa nakueleza.

Kuna bibi mmoja wa hapa mtaani, Bi Zuhura, mkunga mstaafu. Macho yake yameanza kuingia ukungu. Mwezi mzima alikuwa anakuja baada ya alasiri, anakaa kwenye stuli karibu na mashine ya fotokopi, anasimulia, mimi nachapa. Habari za watoto aliowapokea: nani alizaliwa wapi, nani alipewa jina gani na kwa nini. Mama mmoja alishikwa na uchungu ndani ya stoo ya vitenge, akajifungulia humo humo juu ya majora ya vitambaa, na mtoto akaitwa Majora. Baba, kuna siku nilikuwa nasahau hata wateja.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kumkabidhi, maana Ijumaa alfajiri alikuwa anahamia Tanga kwa mwanawe. Sasa Jumatano jioni, bosi wangu, Dada Rehema, akamleta fundi aweke programu mpya, kwa kuwa kompyuta ilikuwa nzito. Asubuhi nawasha, siitambui. Vitufe vya kushoto vimehamia katikati. Palipokuwa na maneno pamewekwa vichoro. Na mafaili yangu yote niliyoyapanga mbele ya kioo, hakuna hata moja. Picha ya milima tu.

"Dada Rehema, kazi za watu ziko wapi?"

"Fundi kasema kila kitu kipo."

"Kipo wapi?"

"Hilo hakusema."

Tukampigia, hapatikani. Nakala nyingine sikuwa nayo, Baba. Kila siku nilikuwa najiambia nitaihamishia kwenye flashi kesho. Nilibofya ovyo kwa hasira, madirisha yakafunguka nisiyoyajua, nikayafunga, yakafunguka mengine. Nilimsema aliyeichora sura ile mpya maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Bi Zuhura akaingia saa sita, mapema kuliko kawaida yake. Sikumficha.

"Bibi, wameibadilisha kompyuta. Maandishi yako siyaoni."

Niliona mkono wake umekamata ukingo wa meza. Kisha akauliza, "Umeangalia kote?"

"Hata hiyo kote yenyewe siijui."

"Basi tulia uangalie. Mimi nilikuwa naitwa nyumba nisizozijua, mama wa watu analia chumbani. Ningegombana na nyumba? Nilikuwa nauliza maji yako wapi, taa iko wapi, naendelea na kazi."

Akavuta stuli yake, akakaa ubavuni kwangu. "Hicho kinachong'aa ni nini?" anauliza. Nabofya, namwambia. "Na kile?" Tukaenda hivyo, kichoro kimoja baada ya kingine, na taratibu hasira ikaniishia. Nikaanza kutaka kujua mwenyewe. Kwa nini hiki wamekiweka huku? Hiki kinafungua nini? Nikabofya kipanya upande wa kulia, pale pale juu ya milima, ikatokea orodha fupi. Mstari mmoja ulihusu kuonyesha vilivyopo mbele ya kioo. Alama yake ya vema ilikuwa imeondolewa. Nikairudisha.

Yakajitokeza yote, Baba. Hayakuwa yameenda popote. Yalikuwa pale pale, yamefichwa tu. Nililia mbele ya wateja, na Bi Zuhura akacheka mpaka akashika mbavu.

Tukachapisha, nikamshonea kwa uzi mnene. Alipokuwa anaondoka alizipitishia karatasi vidole, kisha akanigeukia.

"Na wewe, Somoe, nani alikupokea?"

Miaka yote hii, Baba, sijawahi kuuliza.

Ameshafika Tanga salama. Mimi siku hizi nawahi kazini kidogo, nabofya kitufe kimoja nisichokijua kabla ya wateja kuja. Kuna vya maana na vya upuuzi, lakini kompyuta siiogopi tena.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, umwambie chungu chake hakijapata ufa. Wasalimie kaka na mkewe, na mjomba mwadhini.

Baba, nijibu kwa mkono wako, usinipigie. Kaa na mama mnieleze: nilizaliwa nyumbani au njiani? Nani alikuwepo? Mikono ya nani ilinishika kwanza, na huyo Somoe niliyepewa jina lake alikuwa nani?

Nasubiri.

Binti yenu anayewapenda,
Somoe