Paka wa Mzee Aliyepumzika

MAELEZO YA SHAHIDI: MALALAMIKO YA WIZI WA PAKA

Jina: hufahamika kama Mama Paka. Umri: miaka 43. Kazi: msusi, pia hujitolea kuokota paka na mbwa waliotelekezwa na kuwatafutia nyumba. Makazi: chumba cha uani, nyuma ya saluni yake.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Mlinzi mliyemweka ndani hakuiba kitu. Paka nilimchukua mimi.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilipita kwenye nyumba ya mlalamikaji, fundi saa mstaafu anayeishi peke yake. Paka wa kijivu alikuwa nje ya dirisha, analia hadi sauti imemkauka. Nikamwuliza mlinzi wa jengo la jirani, "Mwenyewe yuko wapi?" Akanijibu, "Mzee amepumzika, dada. Ameteseka sana na macho."

Jamani, ukiambiwa mzee amepumzika unaelewa nini? Nikasema, "Mungu amlaze mahali pema." Mlinzi akaitikia, "Amina. Dereva aliyempeleka anasema wamemlaza pazuri, mpaka feni ipo." Hiyo feni ilinishangaza, ila maneno ya msiba hayahojiwi.

Akanisaidia kumtia paka kapuni. Kumbe yeye alijua namtunza mpaka mzee atoke hospitali. Mimi nilijua nimebeba yatima.

Siku ya tatu nikampeleka kwa mshonaji wa mtaa wa pili, mjane, ambaye kila akija kusukwa alinisumbua, "Paka uliyeniahidi yuko wapi?" Alimpokea kama mgeni wa heshima. Paka akawa analala juu ya vitambaa vya wateja, na mama wa watu hafoki. Nilifurahi, sifichi.

Leo asubuhi mzee amerudi, jicho moja limefungwa bendeji, paka hayupo. Mlinzi akamwambia, "Yuko kwa dada mmoja, jina lake silijui." Mzee akaona anazugwa, akaja kushtaki. Habari ziliponifikia nilikuja mbio na kitana mkononi. Mteja nimemwacha na nusu kichwa. Kumwona yule mzee hapo kaunta nikapiga yowe, "Mungu wangu, marehemu!" Afande wa zamu ni shahidi.

Nikampigia simu mshonaji. Alimleta paka mwenyewe, macho mekundu. Kapu halijafunguka vizuri, paka kashapanda begani kwa mzee. Mzee akalia mbele yetu sote. Akasema alipokwenda kupasuliwa hakumuaga mtu, kwa sababu hakuwa na wa kumuaga. Mshonaji akasema, "Mwenye chake kapata chake," akageukia mlango.

Mzee akamwita. "Binti, jicho la pili ni mwezi ujao. Shika ufunguo huu."

"Nije nimchukue paka?"

"Umchukue, ndiyo. Ila nikichelewa kurudi, binti, njoo hospitali uniulizie na mimi."

Haya ndiyo niliyoyatenda na kuyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Mlalamikaji amefuta malalamiko. Mlinzi ameachiwa. Mzee, paka na mshonaji wameondoka kwa njia moja.