Bibi Harusi wa Baraza ya Juu

Jumapili, 12 Januari 1958

Watu wa filamu wamefika! Malori mawili. Nyumba yetu itakuwa nyumba yenye mzimu – Kaka anasema haina haja hata ya kuigiza. Wameleta mpaka utando wa buibui wa bandia. Shangazi Shoilobala akacheka: wangemuuliza yeye, anao wa kweli chumbani.

Shangazi ni dada yake Baba. Alifiwa na mume akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu hapo, kwa desturi ya wajane, ni sari nyeupe, nywele fupi, hakuna bangili, hakuna samaki. Ndiye aliyenifundisha kusoma.

Jumanne, 14 Januari

Bibi, mama yake Baba, alikwenda mto Ganga kuoga, siku ya mwisho ya mwezi wa Poush. Mwigizaji wa mzimu akashikwa na homa! Mzimu ni bibi harusi aliyekufa siku ya harusi. Anavuka baraza ya juu, uso umefunikwa, taa mkononi. Wanapiga picha mchana, halafu wanaugeuza kuwa usiku. Jua lilikuwa linaondoka. Bwana Pakrashi, mwongozaji, alikuwa karibu kulia.

Nikasema – mimi! – Shangazi ni mwembamba vilevile, na hutembea bila sauti.

"Wewe mtoto una wazimu," akasema Shangazi. Lakini hakukataa.

Sari nyekundu. Nywele za bandia. Bangili za kombe za baharini. Unga mwekundu wa wenye waume, utosini. Rangi nyekundu miguuni. Akaomba kioo. Akajitazama, akajitazama.

"Jhumu," akaniambia, "kumbe hivi ndivyo ningekuwa."

Akavuka mara moja tu, mguu wa kushoto ukiingia ndani kidogo kama siku zote. Bwana Pakrashi akapiga makofi: imetosha.

"Hamrudii?" Shangazi akauliza. "Wengine mnawarudisha mara tano."

Alhamisi, 16 Januari

Rangi ya miguuni haikutoka. Alisugua kwa jivu, kwa ndimu – haikutoka. Bibi akaiona. Akaniuliza mimi, kwa sababu mimi sisemi uongo.

Nikasema kweli.

Bibi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. "Mjane wa nyumba hii kujipamba mbele ya wanaume! Nitauweka wapi uso wangu?"

"Mama, nilikuwa mzimu tu," Shangazi akasema.

Jumatatu, 20 Januari

Baba amempeleka Shangazi stesheni ya Howrah kupanda treni. Anakwenda Kashi, mji mtakatifu, kwenye nyumba ya wajane. Sanduku moja la bati. Pale mlangoni aliniambia nisizembee hesabu. Na filamu ikija, niende, nimwandikie kama alitembea vizuri.

Mimi ndiye niliyemtaja. Mimi ndiye niliyesema. Mara mbili mimi!

Ijumaa, 12 Septemba

Imekuja. Mabango mpaka sokoni. Barua za Shangazi ni mistari miwili: ni mzima, nisome. Na kila mara, mwishoni: imeshakuja?

Jumamosi, 13 Septemba

Kaka alinipeleka. Shangazi alipotokea, ukumbi mzima ukapiga kelele. Mtu nyuma yetu akacheka: "Mzimu gani huyu, mguu upande!" Mkewe akamwambia nyamaza wewe, tuone.

Nilihesabu. Sekunde nane. Sikuona vizuri kwa machozi.

Mwishoni mpelelezi anaeleza kila kitu: vilio, milango, karani mwizi wa vito. Kuhusu bibi harusi wa baraza hakueleza kitu.

Wakati wa kula, Bibi akauliza kama uso ulionekana.

"Hapana, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akasukuma sahani, hakuigusa tena.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika magotini, ukumbini, wakati wa mapumziko. Bibi yuko hapa! Hajaingia sinema tangu Babu afariki. Shali mpaka kwenye nyusi. Njiani alinikataza nisimwonyeshe Shangazi akipita. "Mguu ule nitaujua mwenyewe. Niliukanda mafuta mwaka mzima akiwa mchanga."

Mama mmoja wa kiti cha pili anamtolea karanga. "Chukua, bibi. Usiogope, mzimu wenyewe wa uongo."

"Sikuja kuogopa, mwanangu."

Sasa hivi ametoa kadi ya posta kwenye pindo la sari, ameiweka juu ya daftari langu. Niandike anwani ya Kashi. Na maneno, Bibi?

"Ngoja kwanza apite."

Anwani nimeandika. Upande wa pili ni mweupe. Kanishika mkono, wake ni wa baridi – taa zinazim –