Pazia la Chumba cha Kezia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tarime mjini

Jina: Waitara Heche. Umri: miaka 64. Kabila: Mkurya. Kazi: mkulima na mfugaji. Makazi: kijiji cha Matongo, kwa sasa yuko mjini Tarime kwa matibabu.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa nisiseme uongo, na sitasema. Nimeitwa kueleza habari za ukuta wa mwenye nyumba. Ukuta nitaueleza, lakini afande, usinikatishe, maana ukuta siyo habari yote.

Nilikuja mjini mwezi wa tatu kutibiwa macho. Mwanangu Ezra, dereva wa lori, amepanga chumba kimoja kule bondeni na mke wake Kezia na mtoto wao Elieth, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Kwetu Wakurya baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Chumba anacholala mkwe ndiyo kabisa, hata kuchungulia ni mwiko. Kwa hiyo nililala chumba cha jirani, mwalimu Lusekelo, mtu wa Mbeya, na Kezia akawa ananiletea ugali barazani. Ni mkwe mwenye adabu sana.

Mnamo tarehe 24/04/2025, majira ya saa tisa alasiri, mvua ilianza. Vuli haikuja kabisa, ng'ombe wamekonda mpaka wengine wamekufa, halafu mvua ya mwezi mzima ikamwagika mchana mmoja, tena ya mawe. Zamani mvua ilipiga hodi. Siku hizi inavamia kama wezi wa ng'ombe. Na mjini kote ni mabati na saruji, maji hayana pa kuzama. Yalishuka kutoka mlimani yakafuata mfereji, yakakuta ukuta ambao mwenye nyumba aliujenga juu ya mfereji mwaka jana ili aongeze vyumba. Yakageuka yakaingia uani kwetu. Huo ukuta upo, nendeni mkauone.

Ezra alikuwa safarini Sirari. Mimi nilikuwa barazani, maji yamenifika magotini. Nikasikia kitu kizito kimeanguka chumbani kwa Kezia, kisha sauti yake: "Tata!" Ndivyo tunavyomwita baba. "Tata, ingia umchukue mtoto! Kabati limenibana mguu!"

Mlango ulikuwa wazi. Palikuwa na pazia tu, la maua ya njano. Nililishika kwa mkono huu. Nikasema, "Msukume mtoto huku mlangoni, mwanangu."

Akasema, "Simfikii, Tata. Yuko kwenye godoro, linaelea. Ingia!"

Mtoto alikuwa analia. Nilimsikia vizuri, maana kilicho kibovu kwangu ni macho, masikio ni mazima. Nilishindwa kuingia.

Nilifikiri nini? Nilifikiri sijui mkwe wangu amevaa nguo gani. Nilifikiri watu watasema mzee Waitara ameingia kwa mke wa mwanawe. Loo! Mtoto analia majini, mimi nafikiria watu watasema! Nikamwambia, "Subiri, naita mtu," nikatoka kwenda barabarani kutafuta mwanamke. Kila mtu alikuwa anahangaika na kwake. Nikamwona Lusekelo anarudi kutoka shuleni, nikamweleza. Hakuniuliza hata swali moja. Alipita kwenye lile pazia kama vile halipo, akamtoa Kezia. Elieth alimkuta chini ya meza, yuko kimya. Hospitalini walisema tumechelewa.

Msibani watu walimlaani mwenye nyumba na ukuta wake. Mimi niliwekewa kiti cha mbele, nikapewa pole. Mzee mwenzangu mmoja alianza kusema, "Majuto ni mju...", akajikohoza, akaangalia chini. Nilipokea pole zote. Ezra mpaka leo anaamini nilizuiwa na maji. Kezia anajua, yuko wodini na plasta ya mguu, wala hajamwambia mume wake. Bado ananistahi. Afande, nina aibu, sijui niiweke wapi.

Maji yalipokauka niliingia chumba kile kutoa matope, kwa sababu Ezra alikuwa wodini kwa mke wake. Nililing'oa pazia, nikavuka kizingiti, nikafika mpaka kitandani. Hakuna kilichonipata.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Mwenye nyumba ajibu kwa ukuta wake. Haya yangu naomba mmsomee Ezra, na mimi niwe nimekaa hapo.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Mimi Koplo Anselm nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Amekubali kuwa ni yake, isipokuwa sehemu moja. Pale nilipoandika "nilishindwa kuingia" ameomba nikate, niandike "sikuingia". Nimekata mbele yake.